Mayai Manne au Matano: Kamera ya Hadubini Inapokaa Kimya, na Inapodanganya

Katika kipimo cha Kato-Katz, ambacho ndicho tegemeo la kupima kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria, kibao chenye tundu hupima miligramu 41.7 za choo. Choo hicho hutandazwa chini ya kipande cha selofani kilicholowekwa katika gliserini na rangi ya kijani. Mtaalamu wa maabara huhesabu mayai yote anayoyaona, kisha huizidisha hesabu yake kwa 24 ili apate idadi ya mayai katika gramu moja. Mtu mwenye mayai manne kwenye slaidi huandikiwa 96, na kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani ana maambukizi mepesi. Mwenye mayai matano huandikiwa 120; amevuka mstari wa 100 na kuhesabiwa miongoni mwa wenye maambukizi ya wastani. Na yule mwenye yai moja tu, lisipoonekana, hurudi nyumbani Luchelele au Malimbe akiwa ameambiwa kwamba hana kitu.

Uzito huo wa yai moja ndio unaotufanya tuandike, katika jarida la afya, makala kuhusu kamera, waya na programu. Zipo sasa hadubini zinazoendeshwa na kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kamera ikikaa mahali pa jicho, na programu ya uoni wa kompyuta ikifanya kazi ya kuhesabu. Zinapoharibika, huharibika kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza kamera hukaa kimya: skrini ni nyeusi, au ujumbe wa kosa unajitokeza, na kazi inasimama. Katika namna ya pili kamera hutoa picha safi, programu huhesabu bila kulalamika, na hesabu hiyo si ya kweli. Fundi huitwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Ile ya pili ndiyo inayomfikia mgonjwa.

Kutoka Bagamoyo hadi ufukweni

Nchi yetu si mgeni katika jambo hili. Hadubini ya OpenFlexure, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitengeneza, ilianzia Uingereza katika vyuo vikuu vya Cambridge na Bath, chini ya mwanafizikia Richard Bowman na wenzake. Maelezo ya kitaalamu ya jukwaa lake la plastiki yalichapishwa mwaka 2016, na ya hadubini kamili mwaka 2020. Sehemu zake nyingi huchapwa kwa printa ya pande tatu, na slaidi husogea kwa sababu plastiki yenyewe hujipinda kidogo, bila reli za chuma zinazohitaji mafuta na marekebisho. Jicho lake ni kamera ndogo ya Raspberry Pi. Tanzania imekuwa mshirika katika kuiunda na kuijaribu: STICLab na Bongo Tech & Research Labs za Dar es Salaam upande wa uhandisi, na Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo Bagamoyo, upande wa kutazama damu yenye vimelea vya malaria. Kwa upande wa kichocho, watafiti wa Nigeria na Uholanzi wametengeneza kifaa cha aina hiyo hiyo, kiitwacho Schistoscope, kwa ajili ya kutafuta mayai ya kichocho cha mkojo.

Tunalileta suala hili Nyegezi kwa sababu hapa ndipo linapogusa watu. Wengi wanaijua Nyegezi kwa stendi yake ya mabasi, kwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoko Malimbe, au kwa chuo chake cha uvuvi. Lakini Nyegezi ni ufukwe pia. Watu huteka maji, hufua, huoga, huvuta nyavu na kuosha vyombo katika maji yale yale ya Ghuba ya Mwanza ambamo konokono wa kichocho huishi kwenye majani ya kingoni. Kiluwiluwi hupenya ngozi kwa dakika chache. Minyoo hukomaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yasiyotoka na choo hukwama kwenye ini, na baada ya miaka mingi baadhi ya wagonjwa hufikishwa hospitali wakitapika damu. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na chuo kikuu cha tiba kilichoko Bugando, wameufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Hakuna uhaba wa ujuzi. Uhaba ni wa macho: mtu mmoja aliyefunzwa, mbele ya hadubini moja, na rundo la slaidi za shule nzima.

Hesabu hiyo ina matokeo makubwa kuliko mgonjwa mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unashauri kwamba jamii ambamo watu 10 au zaidi katika kila 100 wana kichocho ipewe dawa ya prazikwanteli kila mwaka, kuanzia watoto wa miaka 2 na kuendelea. Mashine inayokosa mayai inaweza kuishusha jamii chini ya mstari huo bila mtu yeyote kujua, na dawa ikaelekezwa kwingine.

Kamera isiyoonekana

Tuanze na ubovu ulio rahisi, yaani ule unaojitangaza. Mtaalamu anawasha kompyuta, anafungua programu, na programu inasema hakuna kamera. Kinachoshangaza ni mara ngapi watu hukimbilia kufuta programu na kuiweka upya, ilhali kasoro iko kwenye waya wa bei ya nauli ya daladala.

Kamera ya Raspberry Pi huunganishwa na ubao kwa waya bapa kama utepe. Upande mmoja wa ncha ya waya huo una mistari inayong'aa, na upande wa pili mara nyingi una plastiki ya bluu. Kwenye ubao wa aina ya Raspberry Pi 4, mistari inayong'aa hutazama upande ziliko soketi za skrini, na plastiki ya bluu hutazama upande wa soketi za USB. Ukiugeuza, waya utaingia vizuri kabisa na kamera haitaonekana kamwe. Waya ukiingia kwa mshazari, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni upesi, matokeo ni hayo hayo. Kibanio cha soketi huinuliwa taratibu kwa kucha za vidole viwili, waya husukumwa mpaka chini, kisha kibanio hushushwa. Kikivunjika, ubao mzima unaweza kuwa hauna kazi tena kwa hadubini. Kabla ya yote hayo kompyuta izimwe na chaja ichomolewe, kwa kuwa kamera hizi huungua kirahisi zikiunganishwa huku umeme ukipita. Aliyenunua Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, atakuta soketi yake ni nyembamba na waya wa zamani hauingii. Huo ni waya tofauti wa kununuliwa, wala si jambo la kulazimisha.

Upo pia muunganisho wa pili ambao wengi hawaujui. Juu ya kibao cha kamera yenyewe, kile kijumba kidogo chenye kihisi cha mwanga kimeshikizwa kwa kiunganishi kidogo kinachobanwa kwa kidole. Katika hadubini, lenzi ya asili ya kamera huondolewa ili lenzi ya hadubini ichukue nafasi yake, na kazi ya kuizungusha lenzi hiyo ndogo hukitikisa kijumba. Kiunganishi kikichomoka nusu, kamera huonekana leo na kutoweka kesho, na kila mtu hulaumu programu. Kibonyeze kwa upole mpaka usikie kimekaa.

Umeme ni sura ya pili, na kwetu ni sura ndefu. Ubao wa Raspberry Pi 4 unahitaji volti 5 na ampea 3 zisizoyumba. Chaja ya simu ya kawaida, pamoja na waya wake mrefu na mwembamba, huweza kuiwasha kompyuta na kuonyesha skrini, lakini kamera na mota za kusogeza slaidi zikianza kazi kwa pamoja, umeme hushuka. Ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, ubao hutoa alama ya radi kwenye kona ya skrini. Ndugu msomaji, alama hiyo si pambo. Katika hali hiyo kamera inaweza kukatika katikati ya slaidi, na picha zilizobaki zikahifadhiwa kana kwamba slaidi imekwisha. Kuna amri ya kuuliza, "vcgencmd get_throttled". Jibu likiwa "0x0", umeme na joto vimekuwa salama tangu kompyuta iwashwe. Jibu lolote jingine ni sababu ya kutafuta chaja halisi kabla ya kupima mtu. Umeme unapokatika ghafla, kadi ya kumbukumbu nayo huharibika, na hapo hata kompyuta haitawaka. Kituo chenye kadi ya pili iliyonakiliwa na kufungiwa kabatini hurudi kazini baada ya dakika chache. Kisichokuwa nayo husubiri fundi kutoka mjini.

Sura ya tatu ni ya programu, na imewachosha watu wenye akili timamu. Novemba 2021 watengenezaji wa mfumo endeshi wa Raspberry Pi walitoa toleo lililoitwa Bullseye, na ndani yake waliachana na njia ya zamani ya kuzungumza na kamera. Amri iliyofundishwa kwa miaka mingi, "raspistill", ikatoweka. Badala yake zikaja amri zinazoanza na neno "libcamera", ambazo katika toleo lililofuata, Bookworm la 2023, zilibadilishwa jina zikaanza na "rpicam". Mtu akifuata maelekezo ya mwaka 2018 kwenye kadi mpya ya mwaka huu, kila hatua itamwambia kwamba kamera yake ni mbovu, nayo ni nzima.

Hapo ndipo programu ya OpenCV inapoongeza mkanganyiko wake. Ni maktaba ya uoni wa kompyuta iliyoanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1999, na karibu kila mradi wa namna hii huitegemea. Ikiombwa kufungua kamera kwa njia ya zamani katika mfumo mpya, mara nyingi hukubali. Haisemi kwamba kamera haipo. Hurudisha fremu tupu, na programu huipokea fremu hiyo na kuipeleka hatua inayofuata, ambayo kwa kawaida ni kubadilisha rangi. Ujumbe wa kosa unaojitokeza hulalamikia kubadilisha rangi. Mtaalamu anatafuta kasoro ya rangi kutwa nzima, ilhali tangu mwanzo hakukuwa na picha. Tiba yake ni kwenda hatua moja nyuma: andika "rpicam-hello --list-cameras" na usome. Kamera ikitajwa kwa jina la kihisi chake, kwa mfano imx219 kwa kamera ya toleo la 2, basi waya na kamera ni vizima, na kilichobaki ni kuielekeza programu ipokee picha kupitia maktaba mpya ya Picamera2. Isipotajwa, usiguse programu hata kidogo. Rudi kwenye waya.

Kamera inayodanganya

Yote hayo ni usumbufu tu. Slaidi ilibaki mezani, hakuna aliyepewa jibu, hakuna aliyedhurika isipokuwa ratiba. Tunayoyaeleza sasa hutokea wakati kila kitu kinaonekana kwenda sawa.

La kwanza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni ukubwa wa eneo linaloonekana. Kihisi cha kamera ya toleo la 2 kina pikseli 3280 kwa upana na 2464 kwa urefu. Picha kamili ya ukubwa huo ni nzito, hivyo mtengenezaji wa programu huchagua picha ndogo ili kazi iende haraka. Wengi huchagua 1920 kwa 1080, kwa kuwa ndiyo picha ya video waliyoizoea kwenye simu na televisheni. Wanadhani kamera imeipunguza picha nzima. Haikufanya hivyo. Katika hali hiyo kamera hii hukata kipande cha katikati cha kihisi na kukitoa kama kilivyo. Kingo zote hutupwa. Piga hesabu: 1920 mara 1080 ni pikseli zipatazo milioni 2.1, na kihisi kizima kina milioni 8.1. Kinachobaki ni robo ya eneo.

Sasa weka jambo hilo kwenye hadubini inayojisogeza yenyewe. Mota zimeelekezwa zihame hatua moja kwa kila picha, na urefu wa hatua ulipimwa kwa picha nzima. Kamera inaona robo. Mota zinaruka zile robo tatu na kwenda mbele. Mwisho wa slaidi programu inaripoti kwamba slaidi yote imesomwa, na inataja mayai mawili pale ambapo yalikuwepo manane. Ukiangalia picha moja moja, kila picha ni nzuri: yai limekaa wazi, mwiba wake wa ubavuni, ambao ndio alama ya kichocho cha tumbo, unaonekana bila shaka. Hakuna kitu chochote ndani ya picha kinachoweza kukuambia kwamba picha nyingine hazikupigwa.

Namna ya kulinasa kosa hili ni ya kizamani na haina gharama. Chukua rula ya plastiki yenye alama za milimita, au slaidi yenye mistari ya vipimo kama ipo. Iweke chini ya lenzi, piga picha, andika ni kiasi gani kinaonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha iamuru mota isogee hatua moja na upige tena. Sehemu ya mwisho ya picha ya kwanza lazima ionekane mwanzoni mwa picha ya pili. Isipoonekana, kuna pengo, na pengo hilo limo katika kila jibu ambalo mashine imewahi kutoa kwa mpangilio huo. Kama lazima picha iwe nyepesi, kamera hiyo hiyo ina hali ya 1640 kwa 1232, ambayo huunganisha pikseli jirani na kuonyesha eneo lote.

La pili ni rangi. Picha ya rangi ni tabaka tatu, yaani nyekundu, kijani na bluu, na dunia kubwa huziandika kwa mpangilio huo. OpenCV, kwa sababu za kihistoria, huanza na bluu. Picha ikitoka kwenye programu inayoanza na nyekundu na kuingia katika inayoanza na bluu bila kubadilishwa, nyekundu na bluu hupishana. Katika Picamera2 kuna mtego zaidi: mpangilio unaoitwa "RGB888" hutoa data ikianza na bluu, kinyume cha jina lake, na kwa hiyo ndio unaoifaa OpenCV. Aliyechagua kwa kufuata jina atakosea.

Kwa slaidi ya Kato-Katz kosa hili mtu huliona mapema akiangalia skrini, kwa sababu choo chenye rangi ya kahawia hugeuka kuwa cha bluu. Kwa slaidi ya malaria ni hatari zaidi. Rangi ya Giemsa, inayotumika tangu mwaka 1904, hukifanya kiini cha kimelea kiwe chekundu na mwili wake kuwa wa bluu, na mtaalamu huvitambua vimelea kwa uhusiano wa rangi hizo mbili. Zikipishana, mtaalamu atashtuka. Programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa picha zenye rangi sahihi haishtuki. Hutoa jibu lile lile kwa utulivu ule ule, ila ni jibu la kitu ambacho haikufundishwa. Kama mashine haionyeshi picha kwa mtu yeyote bali namba peke yake, hakuna atakayejua. Ndiyo maana hatuna imani na mashine ya kupimia isiyo na skrini, hata ikisifiwa vipi.

La tatu ni kivuli cha pembeni. Kamera hizi zilitengenezwa zikiwa na lenzi yake ndogo, na ndani yake kuna marekebisho ya kusawazisha mwanga kati ya katikati na kingo kwa ajili ya lenzi ile. Lenzi ikiondolewa na nyingine ikawekwa, marekebisho yale yanabaki na kuharibu kile yalichokusudiwa kutengeneza: katikati ya picha huwa na rangi moja, na kingo huelekea rangi nyingine. Bowman na wenzake waliliandikia jambo hili maelezo kamili mwaka 2020, na programu ya OpenFlexure ina hatua ya kupiga picha ya sehemu tupu ya kioo, isiyo na sampuli, ili mashine ijifunze mwanga wake upya. Hatua hiyo hurukwa na wenye haraka. Sambamba nayo, marekebisho ya kamera yanayojiendesha ya mwangaza na ya weupe yafungwe baada ya kupimwa mara moja. Yakiachwa huru, kamera itang'arisha eneo lenye choo kizito na kufifisha eneo jepesi, na mayai ya sura moja yatatokea kwa sura mbili.

Vumbi tulitaje kwa ufupi. Kihisi kisicho na lenzi yake kiko uchi, na kando ya ziwa kuna unyevu, kuna vumbi la barabara, na kuna yale mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku. Chembe iliyotua kwenye kihisi huonekana katika kila picha mahali pale pale. Isogeze slaidi: doa linalohama liko kwenye slaidi, doa lisilohama liko kwenye kamera. Doa lisilohama likifanana na yai kwa programu, litahesabiwa mara mia. Safisha kwa hewa ya pampu ndogo ya mpira, si kwa pumzi wala kwa kitambaa, na hadubini isiyotumika ifunikwe.

Slaidi ya mizani

Maabara zetu zina desturi nzuri ya kusoma upya sehemu ya slaidi, kwa kawaida moja katika kila kumi, kwa jicho la mtaalamu mwingine mwandamizi. Hatuoni sababu ya kuisamehe mashine desturi hiyo kwa kuwa tu ni mashine. Tunaongeza moja: slaidi ya mizani. Mayai ya kichocho cha tumbo hudumu vizuri katika slaidi ya Kato-Katz kwa muda mrefu, hivyo kituo kinaweza kutunza slaidi mbili au tatu ambazo wataalamu wawili wamezihesabu kwa hadubini ya kawaida na kukubaliana. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine isome moja ya hizo. Hesabu iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, toleo la mfumo endeshi na jina la mpangilio wa kamera. Ikiwa jana ilisoma 31 na leo imesoma 9, kuna kitu kimebadilika usiku. Mara nyingi kilichobadilika ni programu iliyojisasisha kwa intaneti bila kuulizwa, na hilo ni jambo la kuzuia: kadi ya hadubini ya kupimia watu isijisasishe yenyewe.

Slaidi tupu nayo isomwe. Mashine inayoona mayai kwenye kioo kisicho na kitu imejieleza vya kutosha.

Picha ziandikwe kwa namba ya sampuli, si kwa jina la mtu. Kadi ya kumbukumbu ni ndogo kuliko kucha ya kidole gumba, na hupotea.

Kwa aliyeacha kopo lake dirishani

Mgonjwa anayesoma makala haya hahitaji kujua habari za pikseli. Ana haki ya kuuliza maswali mawili: je, slaidi yangu imesomwa na mtu, na mashine, au na vyote viwili? Na je, mashine hiyo imepimwa leo? Mtaalamu mwema hatakasirika kuulizwa.

Ajue pia kwamba jibu la "hakuna mayai", hata likitoka kwa jicho bora la binadamu, si hati ya kuwa salama. Kato-Katz hukosa maambukizi mepesi mara nyingi, kwa kuwa mayai hayatoki kwa idadi ile ile kila siku wala hayasambai sawasawa katika choo. Kwa sababu hiyo hupimwa slaidi mbili badala ya moja, na wakati mwingine huombwa choo cha siku ya pili. Kipo pia kipimo cha mkojo kinachotafuta chembechembe za minyoo yenyewe, kiitwacho CCA, ambacho huwaona wengi walioachwa na hadubini. Mwenye damu kwenye choo, maumivu ya tumbo yasiyoisha au uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu arudi kituoni hata kama karatasi yake inasema hana kitu. Anayetapika damu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Dawa ipo: prazikwanteli, ambayo kipimo chake cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa kwa siku moja. Haizuii kuambukizwa tena ufukweni wiki inayofuata.

Saa ya safura

Limebaki jambo moja la kiutendaji, nalo linahusu saa. Gliserini inayong'arisha slaidi ya Kato-Katz haiyatendei mayai yote sawa. Mayai ya kichocho hubaki. Mayai ya minyoo ya safura, ambayo mara nyingi hutafutwa katika slaidi hiyo hiyo, huanza kung'aa mpaka yasionekane, na baada ya dakika 30 hadi 60 yamekwisha kutoweka machoni. Mtoto mwenye safura anayepungukiwa damu hawezi kusubiri mtaalamu amalize kugeuza waya.

Kwa hiyo kila kituo kinachopokea hadubini ya kompyuta kiamue mapema, na kukiandika ukutani, kikomo cha muda wa kuhangaika na kamera wakati sampuli ziko mezani. Sisi tunapendekeza dakika 10: waya, chaja, amri moja ya kuorodhesha kamera, basi. Zikiisha, slaidi zihamie kwenye hadubini ya kawaida, ile yenye kioo cha jicho na, kama umeme umekatika, kioo cha kuakisi jua la dirishani. Hadubini hiyo isitolewe kwenye meza wala kupelekwa stoo siku mashine mpya inapofika. Kamera itatengenezwa jioni, wakati makopo yote yameshasomwa na wenyewe wameshaondoka.